Fuawe mbili kwa muuza chuma chakavu Moshi: ipi ni kasti, na ipi inafaa kufufuliwa?

Tindo_Moshi

Habari za leo wakuu. Kuna fuawe mbili (vyuma vizito ambavyo mhunzi hufulia juu yake) zinauzwa kwa muuza chuma chakavu upande wa Pasua, zote kwa bei ileile ya kilo. Nahitaji moja ya kufulia visu, majembe na maua ya mageti. Mwenyewe anadai zote ni kasti (chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa) za Mjerumani. Naombeni msaada wa kuzitambua kabla hela haijatoka, na mniambie kuifufua kunataka nini.

Ya kwanza mizani imesoma kilo 66. Ina kutu nene, pembe moja (ile ncha iliyochomoza mbele), na uso wa sm 40 kwa 10. Ukilaza rula unaona katikati pamebonyea kama mm 3. Ukingo wa upande mmoja umemeguka urefu wa sm 14, na pale palipoliwa zaidi ni mm 8. Ukingo wa pili ni mzima karibu na pembe. Ubavuni kuna herufi zilizoliwa na kutu, nimesoma "LID" na "WROU", na chini yake namba 1 1 7 zilizoachana. Kiunoni, chini ya pembe, kuna tundu dogo la mraba, na lingine kama hilo chini ya kisigino (upande wa nyuma). Ukiigonga inatoa sauti butu. Imekaa juu ya udongo na rundo la vyuma.

Ya pili ni kilo 52, imepakwa rangi ya bluu, ubavuni ina maandishi yaliyoinuka "50 KG". Uso umenyooka, kingo ni kali, hakuna mmego hata mmoja. Kuna mstari mwembamba unaoanzia kwenye ncha ya pembe na kupita katikati hadi nyuma. Moyo unaelekea kwa hii kwa sababu haina kasoro.

---

MvukutoMamba

Mkuu Tindo, usiguse ya bluu mpaka usome hapa.

Namba 1 1 7 zimeshajibu nusu ya swali lako. Waingereza waligonga uzito wa fuawe kwa handredweti: namba ya kwanza unaizidisha kwa ratili 112, ya pili kwa 28, na ya tatu ni ratili zenyewe. Hapo unapata 112 + 28 + 7, jumla ratili 147, ambazo ni kilo 66.7. Mizani imekupa 66, na hicho kidogo kilichopungua kimekwenda na mimego na kutu. Kwa hiyo si ya Mjerumani. Za Kijerumani kwa kawaida hugongwa uzito kwa kilo, na nyingi zina pembe mbili, moja ya duara na nyingine ya pande nne.

Herufi ulizosoma ni mabaki ya SOLID WROUGHT. Peter Wright wa Dudley, Uingereza, aligonga maneno hayo kwa mduara kwenye fuawe zake. Watengenezaji wengine wa huko nao waliyatumia, kwa hiyo usikimbilie jina. Angalia miguu: za Peter Wright zina kidaraja bapa chembamba juu ya mguu wa mbele na wa nyuma. Kusoma herufi zilizobaki, paka unga wa sembe au chaki ubavuni, futa kwa kiganja, kisha mulika tochi ya simu ikiwa imelala kabisa kando ya chuma. Grainda isipite ubavuni. Herufi zikishaondoka inakuwa vigumu kujua ilitoka wapi.

Maneno hayo yanamaanisha chuma cha kufuliwa. Hiyo fuawe si kasti hata kidogo. Mwili wake ni chuma laini kilichounganishwa kwa moto na nyundo, na juu limebandikwa bamba la stili ngumu, kwa kawaida mm 12 hadi 16. Matundu ya mraba ya kiunoni yanaunga mkono hilo, kwa kuwa ndimo mafundi walimochomeka vyuma vya kuishikia wakiigeuza motoni.

Ya bluu ndiyo iliyomiminwa. Mstari uliouona ni mshono wa kalibu, yaani umbo la mchanga la kumiminia chuma, pale nusu zake mbili zilipokutana. Lakini tuelewane vizuri hapa, maana watu wengi wanaitupa fuawe nzuri kwa kusikia tu kwamba ilimiminwa. Kuna aina tatu. Kuna zilizomiminwa kwa stili tupu, kama za Kohlswa na Söderfors za Sweden, na hizo ni miongoni mwa fuawe bora duniani, zinalia kama kengele. Kuna zenye mwili wa kasti na uso wa stili ulioungana na kasti palepale ndani ya kalibu, kama za Fisher & Norris wa Trenton, New Jersey, zenye alama ya tai ubavuni. Nzuri sana, ila hazilii kabisa. Halafu kuna kasti ya kijivu kuanzia juu hadi chini, ambayo ni pambo. Kinachotakiwa kujulikana ni chuma gani kilimiminwa, na hilo linapimika palepale dukani.

---

Koleo_Themi

Naongezea namna ya kupima. Nenda na gololi ya beringi yenye kipenyo cha mm 25, rula ya chuma, tupa ya zamani yenye meno mazuri, na nyundo ndogo ya gramu 300 hivi. Usipige uso kwa nyundo kubwa. Stili ngumu kwa stili ngumu hurusha vipande, na jicho halina spea. Vaa miwani.

Simamisha rula usoni, achia gololi kutoka sm 25, soma imerudi hadi wapi. Ikirudi sm 20 au zaidi, uso ni mgumu na umeshikana na mwili. Kati ya 15 na 20 bado ni fuawe ya kazi. Kasti ya kijivu itakurudishia sm 8 hadi 10 hivi, kwa sababu ndani yake grafiti imetanda kama majani makavu na kila jani linameza nguvu ya pigo. Nguvu hiyo ingerudi kwenye nyundo yako. Ukifulia juu ya kasti mkono unachoka mapema na chuma hakisogei.

Usipime sehemu moja tu. Pima kila baada ya sm 3 kwenye mistari mitatu, kutoka pembe hadi kisigino. Karibu na tundu la mraba la usoni, lile la kuchomekea vifaa, na kwenye kisigino itashuka, hiyo ni kawaida. Ikishuka ghafla katikati ya uso, kwa mfano inatoka sm 20 hadi 12 kwenye eneo la kiganja, hapo bamba limeachana na mwili. Hiyo ndiyo kasoro ya kuogopa kwenye hizi za kufuliwa, si mimego.

Sauti butu isikutishe bado. Fuawe iliyokaa kwenye udongo na vyuma haiwezi kulia. Inyanyueni, ikae juu ya kipande kimoja cha mbao, kisha gonga kisigino.

Tupa: iburute usoni. Ikiteleza bila kung'ata, pagumu. Ikitoa vumbi la chuma kirahisi, palaini, na kama ni uso mzima basi huenda iliungua kwenye moto wa jengo ugumu ukapotea. Hiyo iache. Kurudishia ugumu fuawe ya kilo 66 kunataka kuifikisha karibu nyuzi 800 na kuimwagia maji mengi usoni kwa kasi. Karakana ya kawaida haiwezi.

Kwa ya bluu, omba ruhusa uguse grainda chini ya mguu kwa sekunde moja. Cheche za kasti ni fupi, nyekundu iliyofifia, zinaishia karibu na jiwe. Za stili ni ndefu, nyeupe, zinapasuka kwenye ncha. Na ukwangue rangi usoni kwa kisu, maana rangi mpya juu ya fuawe kuukuu mara nyingi inaficha bodifila ya kuzibia mashimo.

---

FundiJiwe

Mimi ningesema achukue ya kwanza, aipeleke kwenye mashine ya kufyeka, yaani ya kukwangua chuma, wamnyooshee uso hizo mm 3, kazi imeisha. Mashine zipo Arusha na Moshi kote.

---

MvukutoMamba

FundiJiwe ndugu yangu, hapo ndipo fuawe nyingi zinapokufa. Mpiga mashine ataifunga kwa kutegemea kitako, na vitako vya fuawe za zamani havilingani na uso. Akianza kufyeka, upande mmoja ataondoa mm 3, upande wa pili 6 au 7, hadi pote pang'ae. Bamba lenyewe ni mm 12 hadi 16, na limeshaliwa miaka yote hiyo. Kitakachobaki ni ngozi nyembamba juu ya chuma laini. Itabonyea na kupasuka kazi nzito ya kwanza.

Na kubonyea mm 3 si ugonjwa. Kipande kirefu kinanyooshwa vizuri zaidi juu ya uso wenye bonde dogo, kwa kuwa unakipiga kidogo kupita mstari kisha kinarudi chenyewe. Kwenye uso bapa kabisa hakiwezi kupita mstari. Kama anahitaji pahali bapa pa kumalizia visu, sm 10 za karibu na pembe upande wa ukingo mzima zinamtosha.

---

ArkiNjiro

Naunga mkono. Tuje kwenye mimego, maana lazima mtu atamwambia ajaze weldi.

Mmego wa mm 8 upande mmoja tu, kwa fuawe ambayo ukingo wa pili ni mzima, haujazwi. Unalainishwa. Chukua grainda yenye diski ya msasa namba 60 kisha 80, ondoa makali yote ya mmego na nyufa ndogo zinazoonekana kwenye kona, halafu mviringishe ukingo. Karibu na pembe acha mviringo wa mm 3 hivi, na kadiri unavyoelekea nyuma uongezeke hadi mm 8 au 10. Hapo mmego mwingi unamezwa na mviringo, na unapata kingo za aina mbalimbali za kukunjia. Kingo kali kwenye fuawe hazina faida. Zinakata kazi, zinaacha mkunjo baridi (ufa wa chuma kilichojikunja bila kuungana) kwenye kona ya ndani, na ndizo zinazomeguka. Ukitaka kona kali, fua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la mraba.

Gusa kwa grainda, toa, gusa, toa. Pahali unaposaga pawe panashikika kwa mkono wakati wote. Ukiona rangi ya majani makavu imejitokeza, umefika karibu nyuzi 220 na ugumu umeanza kushuka. Ukiona bluu umezidi 290 na hapo umepaharibu. Uso wenyewe usiusage. Brashi ya waya, halafu kazi yenyewe ya chuma cha moto itaung'arisha.

Sasa kwa atakayekuwa na fuawe ambayo kingo zote mbili zimekwisha, na ana uhakika ni ya kufuliwa au ya stili: inaweza kuchomelewa, ila baridi hapana. Mwili wa kilo 66 unanyonya joto la weldi kwa kasi, kandokando ya weldi panakuwa pagumu kama kioo na panapasuka. Ipashe yote hadi nyuzi 200 kwenye pipa lililokatwa, makaa machache pembeni, taratibu kwa saa kadhaa. Kama huna chaki ya kupimia joto, tumia waya wa risasi wa kuunganishia redio, ule wa 60/40. Huo huyeyuka karibu nyuzi 190. Ukianza kuyeyuka usoni, ondoa makaa. Usifike 250.

Safu za chini ni za elektrodi (fimbo za weldi) namba 7018. Zikaushwe kwanza karibu nyuzi 350 kwa saa moja au mbili, hasa masika, kwa kuwa zikinyonya unyevu zinaingiza haidrojeni kwenye weldi na ufa unakuja kesho yake, wakati wewe umeshafurahi. Safu mbili za juu ziwe za elektrodi za kukaza uso, zenye ugumu wa 45 hadi 55 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C. Mistari mifupi ya sm 4 au 5, kila mmoja ukiwa bado mwekundu uugonge kwa nyundo ndogo kupunguza mvutano. Ukimaliza, ifukie kwenye jivu kavu hadi kesho. 6013 za mageti usizitumie, ni laini mno, ukingo utalala ndani ya wiki chache.

Na kasti je? Kwa ile ya bluu, hakuna. Kuna watu wanachukua bamba la stili la mm 20 wanalichomelea kuzunguka ukingo wa fuawe ya kasti wakidhani wamepata uso. Katikati halijashika chochote, linadunda peke yake, na gololi itarudi chini kuliko mwanzo. Elektrodi za nikeli zinaunganisha kasti, ni kweli, lakini ni laini, hazifai usoni. Vilevile za Fisher ulizozitaja, Mvukuto: weldi ikipenya uso na kufika kwenye kasti, mpaka wote unakuwa mgumu na wa kuvunjika, na bamba linabanduka.

---

Tindo_Moshi

Asanteni sana. Nimerudi kupima. Ya kwanza ikiwa juu ya kipande cha mbao inalia vizuri, inasikika hadi barabarani. Gololi kutoka sm 25 inarudi 20 hadi 21 sehemu kubwa ya uso, 17 karibu na tundu la mraba la usoni, na hakuna mahali inaposhuka ghafla. Tupa inateleza. Kidaraja kwenye miguu kipo mbele na nyuma. Ya bluu gololi imerudi sm 9, tupa imeng'ata, cheche ni fupi na nyekundu.

Nimelipia ya kwanza. Sasa kutu: nimeambiwa niimwagie tindikali ya betri. Na je, niipake rangi?

---

Koleo_Themi

Kidaraja hicho, maneno hayo na handredweti vyote pamoja vinaelekeza kwa Peter Wright. Hongera, na hiyo 20 ni namba nzuri sana.

Tindikali hapana! Inaingia kwenye mashimo ya kutu na kwenye mpaka wa bamba na mwili, haitoki yote, inaendelea kula ndani. Pia stili ngumu ikinyonya haidrojeni ya tindikali inakuwa ya kupasuka.

Kwa kutu ya kawaida inatosha brashi ya waya ya mkono na mafuta ya taa. Kama kuna rangi ya zamani chini ya kutu, usiisage ikiwa kavu kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Ilainishe, ikwangue ikiwa imelowa.

Kama kutu ni magamba, tumia umeme. Pipa la plastiki, maji ya kuizamisha yote, na soda ya kufulia kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Magadi ya sokoni, haya ya kulainishia makande, yanafanya kazi hiyohiyo kwa sababu ndani yake kuna soda hiyohiyo. Tofauti ni kwamba yanakuja na chumvi na udongo ndani, kwa hiyo yayeyushe, yachuje kwa kitambaa, na ukimaliza suuza fuawe kwa maji mengi zaidi. Chumvi ikibaki kwenye vishimo, kutu inarudi siku hiyohiyo. Zungusha vipande vinne vya nondo ndani ya pipa bila kugusa fuawe, viunganishe kwa waya. Chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye fuawe, chanya kwenye nondo. Ukigeuza, ni fuawe itakayoliwa. Ampea 5 hadi 10, saa 12 hadi 24. Usitumie vipande vya stenilesi badala ya nondo, vinaacha kromiamu yenye sumu kwenye maji. Fanya nje ya nyumba, zima chaja kabla ya kugusa nyaya, kwa kuwa mapovu yale ni haidrojeni na cheche moja inatosha.

Ikitoka itakuwa na ukoko mweusi laini. Suuza, piga brashi, kausha juani mara moja, paka mafuta ya injini. Rangi usipake usoni kamwe, na ubavuni sioni sababu. Mafuta yanatosha, na herufi zitaendelea kusomeka.

---

FundiJiwe

Nimeelewa suala la kufyeka, asanteni. Swali langu: ya bluu haina matumizi kabisa? Na kwa ambaye hapati ya zamani, kipande cha reli si kingefaa?

---

MvukutoMamba

Ya bluu inafaa kunyooshea mabati, kupigia riveti za shaba na alumini, kazi nyepesi za baridi. Kwa bei ya chuma chakavu si hasara, mradi mtu ajue ananunua nini.

Reli achana nayo. Vyuma vya reli ni mali ya umma, ukikutwa navyo bila karatasi ni kesi, na muuzaji hatakuwepo siku hiyo. Hata kiufundi ni nyembamba kiunoni, inatetemeka. Kipande cha uma wa foklifti, au mhimili wa nyuma wa lori uliosimamishwa wima na kufukiwa hadi ubaki usawa unaotaka, ni bora zaidi. Mhunzi anahitaji kilo nyingi moja kwa moja chini ya nyundo, hahitaji uso mkubwa. Sm 10 kwa 10 zinafua panga.

Tindo, kigogo. Mkaratusi mkavu, kipenyo sm 45 hadi 50, nyuzi za mti zikiwa wima. Mkaratusi hupasuka, kwa hiyo fua pete mbili za flatibaa ya mm 50 kwa 6, zivalishe zikiwa za moto, moja juu na moja chini, zikipoa zinabana. Kama sakafu ni ya udongo, fukia sm 70 na ushindilie kokoto kandokando. Kimo: simama wima na viatu vyako vya kazi, kunja ngumi mkono ukiwa umening'inia, uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya vidole. Ikiwa juu zaidi utaumia bega, ikiwa chini utaumia kiuno.

Ikaze kwa vyuma viwili vya kukumbatia miguu na bolti za mm 12. Kuipunguzia kelele, zungushia mnyororo mzito kiunoni au bandika sumaku ya spika chini ya kisigino.

Halafu pima tundu la mraba kabla ya kununua kifaa chochote cha kuchomeka. Mara nyingi kwa ukubwa huo ni mm 22 au 25, na pande zake hazilingani kabisa. Fua shina la kifaa lilingane na tundu, tundu lenyewe usilipige tupa. Shina liingie na kutoka kwa mkono. Ukililazimisha kwa nyundo linafanya kazi ya kabari, na kisigino cha fuawe hizi huvunjikia hapohapo kwenye kona ya tundu.